Kufungwa Hadharani: Meza ya Wil Wheaton na Siasa ya Afya ya Akili

Anayekitazama kipindi cha TableTop kwa mara ya mwanzo huenda akadhani amepotea njia. Watu wanne wameizunguka meza, juu yake pana ubao wa rangi, kete na karata, na kwa muda wa nusu saa na ushei hakuna linalotokea ila mchezo. Hakuna fedha inayoshindaniwa. Mwenyeji, Wil Wheaton, huanza kwa kuzieleza kanuni, taratibu, kama mwalimu wa chuoni anayejua kwamba wapo waliojiunga leo. Kisha hucheza na wageni wake watatu. Mwisho wa mchezo mshindi hupewa kikombe, na walioshindwa wana sofa yao waliyowekewa makhsusi. Wheaton mwenyewe alifungwa mara nyingi mno, hata kufungwa kwake kukawa sehemu ya utani wa kipindi.

Kipindi hicho alikianzisha pamoja na Felicia Day. Kilianza kurushwa kwenye intaneti mwezi wa Machi 2012 na kikaendelea kwa misimu minne hadi 2017. Mwaka huohuo wa 2012 Wheaton aliandika waziwazi kwamba anaishi na sonona, na kwamba maradhi hayo humwambia mgonjwa uwongo, naye akauamini. Ni rahisi kuyatenga mambo haya mawili, mchezo huku na maradhi kule, na kumhesabu mwenyeji wa meza kuwa mtu mmoja na msemaji wa wagonjwa kuwa mwengine. Makala haya yanayachukua kuwa kazi moja, yenye fadhila moja na ila moja.

Kwa wasiomfahamu, huyu ndiye yule mtoto wa filamu ya Stand by Me ya mwaka 1986, aliyeigiza mvulana ambaye wazazi wake, baada ya kufiwa na mwana mkubwa, hawamwoni tena mdogo aliyebaki. Mwaka uliofuata aliingia katika Star Trek: The Next Generation, katika nafasi ya kijana mwerevu kupita kiasi ambaye watazamaji wengi hawakumpenda. Miaka mingi baadaye alieleza kwamba ile huzuni iliyoonekana katika macho ya mtoto wa filamu haikuwa ya kuigiza. Basi ni mtu aliyetazamwa tangu utotoni, na aliyejifunza mapema kuwa kutazamwa si kuonwa.

Msomaji wa mwambao hahitaji kufundishwa kwamba mchezo ni mahali pa kusemea. Kwenye mabaraza yetu ya bao, dhumna na keram husemwa mambo ambayo nyumbani yangalitiwa pazia, na husemeka kwa sababu macho yako kwenye kete, si usoni pa mwenzio. Lakini baraza letu lina sheria kali: aliyefungwa hunyanyuka. Humpisha anayengoja, naye husindikizwa kwa kejeli mpaka atoke. Kejeli hiyo ina utamu wake, na mimi ni miongoni mwa waipendao. Ila mwenye moyo mzito hujifunza upesi kutokaa kabisa. Sofa ya TableTop hufanya kinyume chake. Aliyefungwa hapokonywi nafasi, bali hupewa nafasi nyengine ya kusema. Aidha, pamoja na michezo ya kushindana kama Catan, aliyoibuni Mjerumani Klaus Teuber mwaka 1995, kipindi kilionesha michezo kama Pandemic ya Matt Leacock, iliyotoka 2008, ambamo wachezaji wote wako upande mmoja dhidi ya maradhi yanayoenea juu ya ramani ya dunia, wakashinda pamoja au wakashindwa pamoja. Nakiri kwamba mchezo wa namna hiyo ukiuweka barazani kwetu, itapita siku nzima kabla ya wazee kukubali kuwa ni mchezo.

Sasa tuitazame hotuba. Mwezi wa Mei 2018 Wheaton alisimama katika jimbo la Ohio mbele ya mkutano wa tawi la NAMI, jumuiya ya Marekani iliyoasisiwa 1979 na jamaa za wagonjwa wa akili. Alilitaja jina lake, akayataja maradhi yake, sonona sugu na wasiwasi uliokithiri, kisha akasema haoni haya. Kuanzia hapo muundo wa hotuba ni ule ule wa meza: kanuni kwanza. Anaeleza jinsi maradhi yanavyocheza. Alipokuwa na umri wa miaka saba au minane hofu ilimjia usiku, akaamini kwamba akilala atakufa, akawa akienda kulala sakafuni chumbani kwa dada yake mdogo. Katika utu uzima, akiwa na mke, watoto, kazi na jina, yaani mtu ambaye kwa hesabu za walimwengu hana haki ya kuhuzunika, bado moyo wake hautulii. Mkewe ndiye aliyemwomba atafute msaada. Akamwendea daktari, akapewa dawa, na siku moja, akitembea na mkewe, akatambua kwamba hajisikii vibaya. Tamathali kubwa ya hotuba nzima ni ya chumba chenye makelele ambamo ameishi umri wake wote bila ya kujua kwamba kuna mlango. Washairi wetu wangalikitia chumba hicho mlango wa nakshi na kufuli ya shaba. Yeye amekiacha kitupu, na nadhani amefanya vyema, maana aliye ndani ya chumba kama hicho hana nafasi ya kutazama nakshi.

Hapa ndipo penye hoja inayotuhusu sisi wapenzi wa tungo. Ushairi wa mwambao umezoea kuyasema machungu ya moyo kwa fumbo. Fumbo ni sitara. Humpa mwenye dhiki heshima ya kusema bila ya kuvuliwa nguo. Lakini sitara hiyo ina gharama. Kidongo Chekundu kwa Unguja na Mirembe kwa Dodoma ni majina ya hospitali ambayo mitaani yamegeuka kuwa matusi, na fumbo halijawahi kulisafisha tusi. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alitoa diwani ya Kichomi na riwaya ya Kichwamaji, ambayo mhusika wake mkuu, Kazimoto, hujiua. Mjadala uliofuatia diwani ile, na ambao uliwagawa wanamapokeo na wanamabadiliko kwa miaka mingi, ulikuwa zaidi juu ya vina na mizani. Kichomi chenyewe, yaani maumivu, kilipata wasemaji wachache kuliko mizani. Na ilhali wahakiki wakihesabu silabi, sheria haikuwa na mafumbo hata kidogo: nchini Kenya, aliyejaribu kujiua akanusurika alikuwa mkosaji wa jinai, mpaka Mahakama Kuu ilipoamua Januari 2025 kwamba kifungu hicho kinakiuka katiba. Waliokwenda mahakamani, wakiwemo tume ya taifa ya haki za binadamu na chama cha madaktari wa maradhi ya akili, walilazimika kuyasema mambo kwa majina yake.

Kwa hiyo namsifu Wheaton kwa lugha yake iliyo wazi. Ninapotofautiana naye ni pale lugha hiyo inapokoma. Anasema, kwa haki, kwamba yeye ni mwenye bahati kwa kuweza kumudu matibabu, na kwamba msaada usiwe mgumu kupatikana. Ni sentensi chache, naye huzipita kurudi kwenye nafsi yake. Siasa yenyewe imo katika sentensi hizo chache. Mwaka 1963 Rais Kennedy alitia saini sheria ya kujenga vituo vya afya ya akili katika maeneo wanamoishi watu, ili yale mahospitali makubwa ya kufungia wagonjwa yapungue. Mahospitali yakapungua kweli; vituo vilivyoahidiwa havikujengwa kwa kiasi hicho. Mwaka 1980 Rais Carter, ambaye mkewe Rosalynn alilibeba jambo hili kwa miaka mingi, alitia saini sheria ya kuvipa vituo fedha zaidi. Mwaka 1981, katika bajeti ya utawala wa Reagan, sehemu kubwa ya sheria hiyo ilifutwa, na fedha zilizobaki zikapunguzwa na kukabidhiwa majimbo yazitumie yatakavyo. Wheaton alizaliwa California mwaka 1972. Hesabu miaka: mtoto aliyekuwa akilala sakafuni kwa dada yake kwa hofu ya kufa alikuwa akilala hapo katika miaka ileile ambayo sheria ya kuwasaidia watu mfano wake ilitungwa na kuvunjwa. Hotuba haisemi hayo. Haiitaji pia sheria ya 2008 iliyozitaka bima zinazogharamia maradhi ya akili zisiyawekee masharti magumu kuliko maradhi ya mwili, ambayo ingalimfaa sana msikilizaji wa Ohio anayegombana na kampuni yake ya bima. Msikilizaji anaondoka akijua kwamba haifai kuona haya, na kwamba mlango upo. Nani aliyeuficha mlango, haambiwi.

Pengine atasema mtu kwamba mwigizaji si mwanahistoria wala mbunge. Sawa. Lakini mwenye meza ndiye anayejua zaidi ya wote kwamba mchezaji hawezi kucheza asipoelezwa kanuni zote, khasa zile zinazomdhulumu.

Ila hiyo ya pili imo katika kipindi vilevile. Wageni wa TableTop wengi ni waigizaji, wachekeshaji na waandishi, watu ambao kufungwa kwao hakuwagharimu kitu. Sofa ya walioshindwa ni raha kwa mwenye nyumba yake ya kurudi. Na palipotokea kufungwa kwa kweli, sofa haikutosha. Msimu wa tatu uligharamiwa na watazamaji wenyewe, waliochanga mwaka 2014 zaidi ya dola milioni 1.4. Michezo kadhaa ya msimu huo ikachezwa kwa kanuni zilizokosewa, wachangiaji wakalalamika, na Wheaton akaeleza hadharani kwamba aliyeajiriwa kuzichunga kanuni hakutimiza kazi yake. Huenda ni kweli. Lakini ni yeye aliyewafundisha mamilioni kwamba aliyekosea huketi karibu na wenziwe na kupewa nafasi ya kusema, na mfanyakazi yule hakuonekana kwenye sofa yoyote.

Kitabu ndicho kinachonifanya nisimhukumu kwa hilo peke yake. Mwaka 2004 alitoa tawasifu iitwayo Just a Geek, ya kijana mcheshi aliyeachwa na umaarufu, anayetaka sana apendwe. Mwaka 2022 alikitoa upya kwa jina la Still Just a Geek, matini ya zamani ikiwa vilevile, na tanbihi zake mwenyewe zikiizunguka kila upande. Wasomaji waliopita chuoni wanazijua matini na hashiya: mwanachuoni huandika, na wa baada yake hujaza ukingoni. Hapa mwenye matini na mwenye hashiya ni mtu mmoja, wametengwa na miaka kumi na minane, na wa pili hamsitiri wa kwanza. Mahali ambapo kijana alifanya mzaha juu ya wanawake, mtu mzima anasema mzaha huo ni mbaya na anaomba radhi. Mahali kijana alipoipamba nyumba aliyolelewa, mtu mzima anaeleza, kwa upande wake, maumivu yaliyokuwamo na kwamba kuigiza hakukuwa chaguo lake. Mara nyengine tanbihi huwa ndefu kuliko inachokifafanua. Mara nyengine hurudia radhi ileile hata msomaji akachoka. Zipo kurasa ambazo mhariri mkali angalizipunguza kwa nusu.

Hata hivyo, kitu ambacho hotuba ilikosa kimo humu: hapa anaonesha kanuni zilizomdhulumu, na nani aliyezitunga, na jinsi yeye mwenyewe alivyozitetea kwa vichekesho. Nilijaribu kuisoma matini peke yake, nikiziruka tanbihi, ili nimpate tena yule kijana wa 2004 jinsi alivyotaka tumwone. Nilifika ukurasa wa thelathini. Haisomeki tena bila ya ukingo wake.