Misri ilivyopata megawati 14,400 kwa miezi 27 na nusu

Asubuhi ya Septemba 4, 2014 umeme ulikatika sehemu kubwa ya Misri, hata treni za chini ya ardhi za Cairo zikasimama. Mgawo ulikuwa umewachosha watu majira yote ya joto: mitambo imechakaa, viyoyozi vinaongezeka, gesi haitoshi. Serikali ya Abdel Fattah el-Sisi ilikumbuka kwamba hasira za mgawo ni miongoni mwa mambo yaliyomng'oa Mohamed Morsi mwaka mmoja nyuma. Ikataka umeme kabla joto la 2015 halijaanza.

Mwenye haraka ya namna hiyo hana mengi ya kuchagua. Bwawa ni kazi ya miaka. Jenereta za dizeli za kukodi hufika upesi, ila gharama ya mafuta yake huumiza. Misri ikaegemea mashine za gesi zilizotokana na injini za ndege. Hufungwa juu ya trela, hufika zikiwa zimeshaunganishwa kiwandani, na huwaka kwa dakika chache. General Electric peke yake ilipewa kazi ya kuleta mashine 46 zenye jumla ya megawati 2,600, na 34 kati yake zilikuwa za asili hiyo ya ndege. Pengo likazibwa.

Juni 2015 ukasainiwa mkataba mkubwa na Siemens wa euro bilioni 8, uliojumuisha vituo vitatu vya megawati 4,800 kila kimoja, yaani Beni Suef kando ya Nile, Burullus kwenye pwani ya Mediterania, na New Capital jangwani mashariki mwa Cairo. Vyote vilikamilika kwa miezi 27 na nusu. Wengi husifu kasi ya mafundi, lakini mimi naona siri ilikuwa kwenye mchoro. Kila kituo kilikatwa mafungu manne yanayofanana: mashine mbili za gesi za takriban megawati 400 kila moja, boila mbili zinazonasa joto la moshi wake, na mashine moja ya mvuke ya megawati 400 nyingine. Fungu lilelile likarudiwa mara kumi na mbili. Kilichotofautiana hasa ni namna ya kupoza mvuke: Burullus kwa maji ya bahari, Beni Suef kwa maji ya mto, na New Capital, isiyo na maji karibu, kwa feni.

Halafu kuna mpangilio wa kazi. Mashine za gesi hazihitaji boila ili zizalishe umeme, hivyo zilifungwa kwanza zikaanza kazi huku joto lake likipotelea hewani. Ni kama mtu anayehamia nyumba yenye vyumba viwili vilivyoezekwa, sebule itafuata. Kwa njia hiyo theluthi mbili ya uwezo wa fungu hupatikana mapema, kwa kukubali hasara ya gesi kwa muda. Mwanzoni mwa 2017, megawati 4,800 zilikuwa tayari kwenye gridi. Boila na mashine za mvuke zilipoungwa, ufanisi ulipanda kupita asilimia 60. Wakati huohuo kampuni ya Kichina ya State Grid ilikuwa ikijenga zaidi ya kilomita 1,200 za laini za kilovolti 500, maana kituo kisicho na laini hakimwashii mtu taa.

Na gesi? Mkataba ulisainiwa nchi ikiagiza gesi ya kimiminika kwa meli huko Ain Sokhna. Kampuni ya Eni ilitangaza ugunduzi wa hifadhi ya gesi ya Zohr Agosti 2015, karibu miezi mitatu baada ya wino kukauka, na uzalishaji ukaanza Desemba 2017. Huwezi kuuita mpango. Ilikuwa bahati, nayo ikapungua: uzalishaji wa Zohr uliposhuka, mgawo ulirudi 2023, na Juni 2024 ulifika saa tatu kwa siku. Nchi ilikuwa na uwezo wa karibu megawati 60,000, na mahitaji ya kilele hayakufika 40,000. Mashine zilikuwepo, chakula chake hakipo.

Hapo ndipo ninapowalaumu viongozi wa Misri. Mchoro unaoruhusu kujenga fungu kwa fungu ulinunuliwa wote kwa mkupuo, kwa deni la fedha za kigeni. Wangeweza kuagiza mafungu sita, wapime mahitaji na gesi, kisha waendelee. Watetezi husema bei ya jumla ilikuwa nafuu, na kwamba mashine bora zimepumzisha vituo vikuukuu vilivyokuwa vikila gesi ovyo. La pili ni kweli.

Elsewed Electric, iliyoshiriki kujenga Beni Suef, ndiyo iliyoungana na Arab Contractors kujenga Bwawa la Julius Nyerere nchini Tanzania. Mkataba ni wa Desemba 2018. Mashine ya kwanza kati ya tisa iliwashwa Februari 2024. Mto hauna njia ya mkato. Huko Tanzania, kituo cha gesi cha Kinyerezi I ndicho kinachofanana zaidi na Misri ya mwanzo wa 2017: mashine zake ni za gesi tupu na joto hupotelea hewani, ilhali Kinyerezi II, jirani yake, ina mashine za mvuke. Kabla ya kutafuta mtambo mwingine wa dharura, boila za Kinyerezi I zipigiwe hesabu. Megawati zake hazitadai gesi ya nyongeza.