Moto Kwanza, Kishindo Baadaye

Juzi nimetumiwa video ya roketi ya Saturn V ikirushwa ndani ya mchezo wa kompyuta wa Kerbal Space Program, na sifa kemkem: eti ni kama kweli. Nimeitazama mara tatu. Rangi safi, moshi mzito. Lakini kamera iko mbali, roketi ni kijiti kwenye upeo wa macho, na mngurumo unalipuka papo hapo moto unapowaka. Kazi hiyo ni mbovu, na anayeisifu anawapotosha wanaojifunza.

Umeme hutangulia, radi hufuata. Sauti huchukua takriban sekunde 3 kwa kila kilomita. Waandishi wa habari walioitazama Apollo 11 mnamo Julai 16, 1969 walikuwa kama kilomita 5 kutoka jukwaani. Waliuona moto, wakaiona roketi ikinyanyuka, masikio bado hayana habari. Ndipo kishindo kikawafikia. Apollo 4 iliporuka mwaka 1967, kishindo cha namna hiyo kilimlazimisha mtangazaji Walter Cronkite kulishikilia dirisha kwa mikono.

Tena pengo hilo halibaki lilelile. Roketi ikiwa umbali wa kilomita 10, unachosikia ni cha nusu dakika iliyopita. Kwa hiyo mngurumo uzidi kubaki nyuma na kuwa mzito, na injini zikizimwa, usikatike nazo. Hapo ndipo fundi hujulikana.

Namkumbuka kijana wa Malindi aliyeigiza urushaji wa satelaiti ya Uhuru, ile iliyoondoka jukwaa la baharini la San Marco Desemba 12, 1970. Aliweka kamera ufukweni Ngomeni, akapima umbali kwenye ramani, akahesabu sekunde. Scout, roketi iliyoibeba, ilikuwa ya fueli yabisi. Ilikuwa ikichomoka kama mshale. Ikapaa huku tukisikia mawimbi tu, kisha radi ikavuka maji. Mwili ulinisisimka. Namjua pia mlaghai mwenye faili moja ya sauti: huibandika kwenye kila roketi, hata kamera ikiwa nje ya angahewa.

Mengine ni haya. Usikate picha kabla roketi haijaupita mnara. Moto utanuke kadiri hewa inavyopungua. Kamera itulie, aliyesimama ardhini hazunguki roketi kama mwewe. Muziki usiwekwe kabisa.

Tulioanza na Orbiter, programu ya Martin Schweiger iliyotoka mwaka 2000, hatukuwa na moshi wa kufichia uzembe. Tulikesha tukisogeza sauti kidogo kidogo mpaka ikae mahali pake, na video moja ilitumalizia mwezi.

Ukiletewa video ya kuhukumu, usianze na rangi. Moto ukiwaka, anza kuhesabu. Kamera ikiwa kilomita 5, na mhariri akathubutu kukuacha na upepo na nyasi mpaka 15, mpe heshima yake.