Neno Moja la Caesar

Sokwe aitwaye Caesar amesimama mbele ya mlinzi katika nyumba ya kufungia wanyama, pembeni mwa San Francisco. Ameudaka mkono wa mlinzi ulioshika fimbo ya umeme, na mlinzi anamfokea amwachie, asimguse kwa mikono yake michafu. Aliyeiona Planet of the Apes ya 1968 anayatambua maneno hayo papo hapo. Ndiyo aliyoyatamka Charlton Heston akiwa amenaswa wavuni, na watazamaji wakawa upande wake. Safari hii yamewekwa kinywani mwa katili. Sokwe anafungua mdomo, anajibu: “Hapana!”

Filamu hii ni Rise of the Planet of the Apes ya 2011, iliyoongozwa na Rupert Wyatt, na kwangu mimi hapo ndipo mfululizo huu ulipopata nafsi yake. Neno lenyewe halikubuniwa upya. Katika filamu ya 1971 ya mfululizo huu, sokwe Cornelius anasimulia kwamba sokwe wa kwanza kusema alisema “hapana”, neno alilokuwa akiambiwa na binadamu kila siku. Pale lilipita kama hadithi ya kusimuliwa tu. Waandishi Rick Jaffa na Amanda Silver waliliokota, wakalijengea filamu nzima: tumemfuata Caesar tangu mchanga, tumemwona akifungwa mnyororo, akiuliza kwa ishara kama yeye ni mnyama wa kufugwa. Zaidi ya saa moja tunamsikiliza bila sauti, kwa hiyo neno linapotoka, masokwe vizimbani wanaduwaa, nasi tunaduwaa pamoja nao.

Linganisha na jaribio la Tim Burton la kuirudia hadithi hii mwaka 2001. Sura alizozitengeneza Rick Baker kwa vipodozi na mpira zilikuwa kazi ya fundi kwelikweli. Lakini bado ni mtu aliyeanguka kutoka angani, na bado tunatazama kwa macho yake. Nyumba imepakwa rangi, wapangaji ni wale wale.

Kuhamisha jicho kulihitaji ufundi mwingine. Kabla ya hapo, kunasa mienendo ya mwigizaji kwa kompyuta kulifanyika zaidi ndani ya studio maalumu. Weta Digital ya New Zealand waliweka kwenye mavazi ya waigizaji vialama vinavyotoa mwanga usioonekana kwa macho, vikasomeka hata juani, na kamera ndogo ikaning’inizwa mbele ya uso. Andy Serkis, aliyemwigiza Caesar, akaweza kucheza nje, ana kwa ana na James Franco, aliyeigiza mlezi wake. Franco hakuigiza mbele ya mpira juu ya kijiti uliowekwa badala ya sokwe. Aliyatazama macho ya mtu.

Tazama pia mkono. Masokwe wanaoomba radhi au ruhusa hunyoosha kiganja juu, na mkubwa hukigusa kukubali. Ni tabia ya kweli; sokwe wa Gombe, kando ya Ziwa Tanganyika, huomba hivyo hivyo. Mtoto Caesar anamnyooshea mlezi wake kiganja kabla ya kupanda mti. Baadaye masokwe wenziwe wanamnyooshea yeye, na hakuna anayehitaji kutueleza nani sasa ni kiongozi.

Matt Reeves alipopokea usukani kwa filamu ya 2014 aliithamini ile akiba ya ukimya. Baada ya utangulizi mfupi wa habari, filamu yake inaingia msituni, na kwa dakika nyingi binadamu haonekani: ishara za mikono, maandishi chini ya skrini, mvua juu ya manyoya. Kisha kuna sokwe Koba, aliyechezwa na Toby Kebbell. Anawaendea walinzi wawili wa ghala la silaha akijifanya kikaragosi, anaburuta miguu, anabinua midomo, anakunywa pombe yao, nao wanacheka. Ghafla bunduki iko mkononi mwake na uso umenyooka. Ni sokwe anayeigiza sokwe wa sarakasi, ndani yake mwigizaji binadamu, na tabaka zote tatu zinaonekana kwa wakati mmoja.

Katika filamu ya 2024 masokwe wanazungumza kwa urahisi zaidi, na naikosa sana ile njaa ya neno. Reeves, kinyume chake, baada ya utangulizi ule alifungua hadithi yake ya 2014 kwa macho ya Caesar yakiijaza skrini, akaifunga kwa macho yale yale, bila neno.