Jina la Msimulizi na Dhamana ya Mhariri: Majarida ya Isimu na Lugha za Garissa

Mswada wa isimu unaoletwa kwa mhariri huwa na mambo mawili ndani yake: hoja ya mwandishi, na maneno ya watu waliomfundisha mwandishi lugha yao. Utaratibu wa kuwapa wataalamu wa fani ile ile mswada wausome kabla haujachapishwa ulitungwa kwa ajili ya lile jambo la kwanza. Msomaji aliyeteuliwa huweza kuona kwamba hitimisho halitokani na mifano. Asipoijua lugha yenyewe, hawezi kuona kwamba mfano fulani haukupata kutamkwa na mtu yeyote. Katika Kiswahili kasoro hii si kubwa, kwani wasomaji wengi wangeshtuka na barua zingemfikia mhariri upesi. Katika lugha za Garissa hakuna wa kushtuka.

Yafaa kuchukua mfano wa Kiilwana, ambacho wengine hukiita Kimalakote. Lugha hii huzungumzwa kandokando ya Mto Tana, juu ya nchi ya Wapokomo, na watu ambao majirani zao ni Waorma na Wasomali. Derek Nurse na Thomas Hinnebusch, katika kitabu chao cha mwaka 1993, wameiweka katika kundi la Sabaki pamoja na Kiswahili, Kipokomo, Kimijikenda na Kikomoro. Kwa sababu hiyo, mtu yeyote anayejaribu kuunda upya lugha mama ya kundi hilo hana budi kuutegemea ushahidi wa Kiilwana, hata kama hajapata kufika Tana. Na ushahidi huo umekusanywa na watu wachache mno. Kitabu cha Nurse cha mwaka 2000, kinachoeleza jinsi Kiilwana kilivyogeuzwa na kukaa karibu na Kiorma, ndicho kinachorejelewa mara kwa mara, na ni kazi ya kuheshimiwa. Lakini heshima ya kitabu kimoja haitoshi kuwa uthibitisho wa lugha nzima. Anayekuja baadaye hunakili mfano humo, na mwingine humnakili yule aliyenakili. Baada ya marejeleo matano mfano huonekana kama umethibitishwa mara tano, ilhali umesikiwa mara moja tu.

Hapa ndipo usiri wa wasomaji wa miswada unapokuwa kama mchezo wa kuigiza. Ikiwa walioandika juu ya lugha fulani ni watatu, mwandishi aliyepata maoni yasiyo na jina humtambua mwenye maoni kabla hajamaliza ukurasa wa kwanza. Lenye uzito zaidi ni kwamba msomaji huyo ana mswada wake mwenyewe sandukuni juu ya jambo lilo hilo. Akichelewesha maoni kwa mwaka mzima, au akazichukua data za mwenzake, nani atajua? Mhariri ndiye mwenye wajibu wa kumwuliza mapema kama ana maslahi katika jambo hilo, na msomaji mwenye maslahi hana budi kuurudisha mswada bila kuusoma.

Aghalabu wahariri hutoa udhuru kwamba wataalamu wa eneo lile hawapatikani. Udhuru huo ulikuwa na uzito zamani. Hali ya hatari iliyotangazwa katika eneo hilo Desemba 1963 haikuondolewa hadi 1991, na wanaisimu waliofanya kazi huko katika miaka ya 1970 walifanya kazi chini yake. Lakini Chuo Kikuu cha Garissa kilianza mwaka 2011 kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi. Tarehe 2 Aprili 2015 kilishambuliwa, watu 148 wakauawa. Kikafunguliwa tena Januari 2016, na mwaka 2017 kikapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Mhariri anayepeleka Ulaya mswada juu ya Kisomali cha Garissa, bila hata kuandika barua moja kwa Garissa, amefanya uchaguzi wake mwenyewe.

Msomaji wa huko angesaidia hata katika mambo madogo. Juzuu ya mwaka 1982 katika mfululizo wa atlasi ya lugha na lahaja za Kenya, iliyoandikwa na Bernd Heine, ina neno Boni katika anwani yake. Hilo ni jina ambalo Waaweer wamepewa na wengine. Jina hilo limekaa katika maandishi ya kitaalamu na ya serikali hata operesheni ya kijeshi ya mwaka 2015 katika msitu wao ikaitwa Linda Boni.

Lililo gumu zaidi ni jina la msimulizi. Katika majarida mengi yeye huishia kwenye tanbihi ya shukrani, naye huitwa "mzee mmoja wa Ijara" au "wazungumzaji wa Saka". Mtu aliyekaa miezi minne akisahihisha matamshi ya mgeni, na ambaye bila yeye makala isingekuwapo, hana hadhi hata ya mtu aliyetajwa kwa jina. Thomas Spear alipojibizana na R. F. Morton katika majarida ya miaka ya 1970 kuhusu mapokeo ya Shungwaya, mabishano yao yaliwafaa wasomaji kwa kuwa kila upande ulilazimika kuonyesha nani alisema nini na lini. Na mwaka 1982 Spear akayachapisha masimulizi ya Wamijikenda yenyewe, ili kila mtu ayapime.

Mtu angependa kudai hivyo hivyo kwa Garissa, lakini dai hilo lina hatari yake. Katika nchi iliyopata mauaji ya Garissa ya mwaka 1980 na ya Wagalla, Wajir, Februari 1984, kuandikwa jina karibu na la mgeni mwenye kinasa sauti si jambo la heshima tu. Tangu 2015 hatari imekuwa na pande mbili: upande wa vyombo vya usalama, na upande wa wanaowawinda wale wanaodhaniwa kushirikiana navyo. Kibali cha utafiti kinachotolewa chini ya sheria ya mwaka 2013 humlinda mtafiti mbele ya serikali. Hakimlindi msimulizi mbele ya yeyote.

Kwa hiyo kanuni ya kuwataja wote ni ya kikatili, na kanuni ya kuwaficha wote ni ya kudhulumu. Jarida lingeweza kudai, kabla ya kupokea makala, orodha ya wasimulizi iliyofungwa kwa lakiri pamoja na kanda zao, ikahifadhiwa maktabani mbali na mwandishi. Msomaji aliyeteuliwa angeruhusiwa kuzisikiliza kanda katika sehemu zenye mashaka tu, bila kuonyeshwa orodha. Kuifungua kusiwe kwa hiari ya mhariri wala ya mwandishi. Mwaka 2011 Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilipoketi Garissa na Wajir, watu walisimama hadharani wakataja majina yao na yale waliyoyaona miaka ya 1980. Waliamua wenyewe kwamba wakati umefika. Msimulizi wa Kiilwana au wa Kiaweer, au wanawe baada yake, awe na haki hiyo hiyo ya kwenda maktabani siku atakayotaka na kusema kwamba maneno yale ni yake.