Dark Star: Wimbo Mmoja katika Nakala Nne

Ye yote aliyezoea kulinganisha nakala za mkono za tenzi ajua taabu iliyomo. Nakala hii ina ubeti usiomo katika ile. Mwandishi mmoja ametanguliza lililo nyuma. Mwingine amebadili neno kwa kufuata lahaja ya kwao. Mhakiki huketi katikati yao kama kadhi mbele ya mashahidi wanaohitilafiana, na kazi yake aghalabu huwa kutafuta asili, yaani andiko moja lililozaa mengine yote. Katika makala haya nataka kuonyesha wimbo ambao kanuni hii haiufai, kwa kuwa asili yake ndiyo nakala iliyo dhaifu kupita zote.

Wimbo huo si wa pwani yetu. Ni "Dark Star", maana yake Nyota ya Giza, wa bendi ya roki ya Grateful Dead kutoka California. Ulianza kupigwa mbele ya watu mwishoni mwa mwaka 1967, na mara ya mwisho ulipigwa mjini Atlanta tarehe 30 Machi, 1994. Nakiri mapema kwamba bendi hii naipenda, na kwamba sikuiona hata siku moja. Nilipokuwa mwanafunzi ng'ambo na kuanza kuisikiliza, Jerry Garcia, mwimbaji na mpigaji gita wake mkuu, alikwisha kufa tangu Agosti 1995. Basi ujuzi wangu wote ni wa kanda na santuri, kama vile ujuzi wetu wa washairi wa kale ulivyo wa karatasi. Walakini ushahidi si haba. Bendi iliwaruhusu wasikilizaji kunasa sauti, na tangu mwaka 1984 iliwatengea mahali maalumu ukumbini. Kwa hiyo mhakiki wa leo ana nakala nyingi ajabu za wimbo mmoja, karibu kila moja na tarehe yake na mahali pake.

Kwanza tutazame mifupa yake. Maneno yalitungwa na Robert Hunter, nayo ni machache: beti mbili, kila mmoja ukifuatwa na kiitikio kifupi chenye mwangwi wa mwanzo wa shairi la T. S. Eliot juu ya Prufrock. Sauti zake zafuata ngazi iitwayo Miksolidia, yenye kituo katika A, na sauti yake ya saba imeshushwa nusu hatua. Msomaji asiyejali elimu ya muziki na aniwie radhi, maana jambo hili lina matokeo makubwa. Katika ngazi ya kawaida sauti ya saba huisukuma nyimbo irudi nyumbani, kama neno "ingawa" liwezavyo kutufanya tungoje nusu ya pili ya sentensi. Ikishushwa, msukumo hulegea. Wapigaji waweza kukaa njiani muda wautakao, na sikio lisione kwamba wamechelewa. Kwa hiyo urefu wa wimbo huu haukutokana na ukaidi wa wapigaji peke yake; ulikuwamo katika sarufi yake tangu mwanzo.

Nakala ya kwanza ni santuri ndogo ya mwaka 1968. Haitimizi dakika tatu. Kila kiungo kimo: sauti za kufungulia, beti zote mbili, na mwishoni Hunter mwenyewe akisema maneno huku banjo ikilia na kufifia. Kama tungekuwa na nakala hii tu, tungeuhesabu wimbo kuwa kijitungo cha kupendeza na kusahauliwa. Lililopungua ni nafasi iliyo kati ya viungo. Ni kama nyumba iliyojengwa milango bila vyumba.

Nakala ya pili ilinaswa Fillmore West, San Francisco, tarehe 27 Februari, 1969, ikatolewa mwaka ule ule katika santuri mbili ziitwazo Live/Dead, ambamo imejaza upande mzima wa kwanza kwa dakika 23. Hapa Garcia anazunguka takriban dakika sita kabla ya kuimba neno. Gita la besi la Phil Lesh halimfuati nyuma kama mtumishi. Humjibu, humkatiza, na mara nyingine humtangulia. Bendi ilikuwa na wapigaji ngoma wawili, lakini sehemu kubwa ya wakati hugusa tu, na kinanda cha Tom Constanten chapaka rangi nyembamba juu ya yote. Ubeti wa pili ukija karibu na mwisho, msikilizaji ahisi kwamba amerudishwa mahali alipokwisha kupasahau. Kwa mpangilio, sijasikia nakala iipitayo hii. Kila sehemu yaelekea kujua iendako.

Nakala ya tatu ni ya Veneta, katika jimbo la Oregon, tarehe 27 Agosti, 1972. Onyesho lilifanywa uwanjani kwa ajili ya kukisaidia kiwanda cha maziwa cha ukoo wa Kesey, katika siku ya joto kali mno, na wimbo wenyewe ulianza jua likielekea kushuka. Wapigaji walikuwa wamebadilika: Mickey Hart alikwisha ondoka mwaka 1971, akabaki Bill Kreutzmann peke yake penye ngoma, na piano ilikuwa mikononi mwa Keith Godchaux. Mabadiliko hayo yameugeuza mwendo wote. Mpigaji ngoma mmoja hana wa kushauriana naye. Aweza kugeuka mara moja, na wenzake wakageuka pamoja naye. Kwa muda wa nusu saa na zaidi wimbo wapita katika utamu, kisha katika fujo ya sauti zisizo na kituo cho chote, hata mtu akauliza kama ni wimbo ule ule. Halafu katika vumbi hilo bendi yaingia, bila kusimama, katika "El Paso", hadithi ya mchunga ng'ombe iliyopata sifa kwa Marty Robbins mwaka 1959. Mwenye kupenda umoja wa tungo atachukizwa. Mimi nilichukizwa kwa miaka kadhaa. Sasa naona kwamba ule mwingilio ndio hukumu ya wimbo wenyewe: baada ya kupotea mbali kiasi hicho, la kufaa lilikuwa hadithi nyepesi yenye farasi, bastola na mwisho ujulikanao.

Nakala ya nne ni ya Nassau Coliseum, New York, tarehe 29 Machi, 1990. Baada ya mwaka 1974 wimbo ulikuwa umekaribia kuachwa. Ulipigwa mara chache tu hata ulipofufuliwa Hampton, Virginia, Oktoba 1989. Kati ya nyakati hizo Garcia alikuwa amepoteza fahamu kwa ugonjwa mwaka 1986, na baada ya kupona ilimbidi ajifunze upya kupiga gita. Sauti yake ya kuimba imechakaa. Usiku ule wa Nassau alikuwapo mgeni, Branford Marsalis, mpigaji saksofoni wa jazi, aliyejiunga nao bila mazoezi. Husikia kwanza, kisha hujibu, na jibu lake huwalazimisha wenyeji nao wasikie upya kile walichokizoea kwa zaidi ya miaka 20. Yumkini mpangilio wa 1969 haumo, wala ujasiri wa 1972. Lililomo ni adabu ya mazungumzo, ambayo vijana wa 1969 hawakuwa nayo kwa kiasi hiki.

Je, ni ipi katika hizi iliyo "Dark Star" yenyewe? Wapenzi wengi hujibu bila kusita: ile ya Live/Dead. Nami nilijibu hivyo, na katika kuandika juu ya wimbo huu nilikuwa na desturi ya kuzieleza nyingine kwa mapungufu yake: hii haina utulivu, ile imekatika. Nilikosea, na kosa langu sisi watu wa elimu ya lugha tunalijua sana. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili Sanifu, ulichagua kwa sababu za haja, navyo vitabu vya shule vilihitaji namna moja ya kuandika. Walakini haikupita miaka mingi ikawa Kimvita na Kiamu vyasahihishwa madaftarini kana kwamba ni Kiunguja kilichoharibika. Santuri ya 1969 ilifanya vivyo hivyo. Ilichapwa, ikauzwa, ikasikika kila mahali. Na usiku mmoja wa Februari ukawa kipimo cha kupimia usiku nyingine zote.

Wala kipimo chenyewe si andiko moja safi. Katika santuri zile "Dark Star" na "St. Stephen" ni za tarehe 27 Februari, lakini "The Eleven" inayofuata ilinaswa Avalon Ballroom mwezi uliotangulia. Mikono ya wahariri imeunganisha usiku mbili, na sikio halijui.

Kuna pia wapimao kwa dakika. Hao huitukuza nakala ya Rotterdam ya tarehe 11 Mei, 1972, inayokaribia dakika 48. Ina mahali pazuri, na ina mahali ambapo wapigaji wangojeana tu. Urefu si daraja, katika muziki kama katika tenzi.

Zaidi ya wote ni John Oswald, mtunzi wa Kanada, ambaye katika miaka ya 1994 na 1995 alitoa Grayfolded, kazi iliyofumwa kutoka maonyesho zaidi ya 100 ya wimbo huu. Ufundi wake ni wa kustaajabisha. Garcia wa miaka mbalimbali aimba pamoja na nafsi zake. Lakini ni sawa na mhariri achukuaye ubeti bora wa kila nakala na kutunga utenzi ambao hakuna aliyeuandika wala aliyeusikia. Katika kufuma vilivyo bora, ameondoa hatari, yaani ile dakika ambapo wapigaji hawajui liwalo. Hatari hiyo ndiyo maana ya nafasi iliyo kati ya beti.

Kwa hiyo nashauri tuache kuuliza kila onyesho limekwenda umbali gani kutoka asili, tuulize lilifanya nini na nafasi lililopewa. Kwa kipimo hiki nawapa watu wa 1969 sifa ya ujenzi, wa 1990 sifa ya usikivu, na wa Veneta daraja la kwanza, kwa kuwa wao peke yao waliifikisha sarufi ya wimbo mpakani mwake na kurudi wazima.

Jambo hili latuhusu. Sisi tukusanyao nyimbo na hadithi vijijini tumezoea kunasa mara mbili au tatu, kuchagua kanda iliyo safi, kuichapa, na kuziweka kando nyingine, au kuzifuta ili utepe utumike tena. Mwimbaji aliyeimba vingine siku ya pili hakukosea. Kanda zake zote na zihifadhiwe, kila moja na tarehe yake, mahali pake na majina ya waliokuwapo.