Usiku wa Saba

Kuku akishaatamia siku saba, bibi mwenyeji wangu wa Digodigo hulala akiwa amechelewa. Husubiri giza likolee, moto ufunikwe majivu na wajukuu watulie. Kisha huinama penye kikapu pembeni mwa jiko, hupenyeza mkono polepole chini ya tumbo la kuku na kutoa yai moja. Usiku kuku hana ubishi. Mchana mkono huohuo ungedonolewa mpaka damu.

Vifaa vyake ni tochi ya simu na kipande cha boksi la sabuni chenye tundu dogo kuliko yai. Ule upande butu huuegemeza kwenye tundu, tochi ikiwa nyuma, na ganda lote hugeuka rangi ya kaa la moto. Mara ya kwanza sikuona kitu ila mng'aro. Akaniambia nisiangalie mwanga, niangalie kile kinachouzuia. Ndipo nikaiona mishipa myembamba ya damu, imetawanyika kutoka kwenye doa jeusi kama miguu ya buibui. Nikaendelea kukodoa macho, doa likatikisika.

Yai lisilo na mbegu halina mishipa hiyo. Ni jeupe tu ndani, na kivuli cha kiini kinabiringika ukiligeuza. Mayai hayo huyatenga, huyachemsha na kuyaponda kwa ajili ya vifaranga wa kuku mwingine. Yai lenye duara jekundu hulizika bila maneno mengi: humo uhai ulianza kisha ukakatika, labda kwa baridi, labda kwa mtikisiko, labda yai lilikaa sana kabla ya kuatamiwa. Yeye hawekei kuku yai lililopitisha wiki moja tangu litagwe.

Ila kinachonifanya nimheshimu ni yale mayai ya katikati. Lipo yai ambalo ganda lake ni zito, au mishipa yake haijatulia machoni. Mtu mwenye haraka angelitupa, na mwenye tamaa angeliacha liozee chini ya kuku na pengine lipasukie juu ya wenzake. Bibi hulitia alama ya mkaa na kulirudisha, kisha hulimulika tena usiku wa kumi. Nimemwona akifanya hivyo kwa mayai mawili kati ya kumi na mawili, na hakuonyesha kuchoka. Digodigo ni kijiji cha Wasonjo, ambao wenyewe hujiita Batemi, watu wanaomwagilia mashamba kwa mifereji itokayo kwenye chemchemi, maji yakigawanywa kwa zamu chini ya baraza la wazee. Nadhani aliyekua akingoja zamu ya maji hujua kungoja siku tatu kwa ajili ya yai moja.

Usiku huohuo wa saba hufanya hesabu nyingine. Huwa amewaatamisha kuku wawili siku moja. Baada ya kutoa mabovu, mazuri ya kuku wote wawili huyakusanya kwa mmoja, mwenzake akapewa mayai mapya au akaachiwa arudi kutaga. Ni akili kubwa, na haigharimu hata shilingi.

Mashine za kutotolesha ninazifahamu. Yenye feni hutaka nyuzi 37.5 za Selsiasi, mayai yageuzwe mara kadhaa kwa siku, kugeuza kukome siku ya 18, na unyevu uongezwe siku tatu za mwisho. Kuku hana kipimajoto: hunyonyoka manyoya ya kifuani ili ngozi iguse mayai, naye huyageuza mwenyewe. Misri, ambako tangu kale watu walitotolesha maelfu ya mayai katika tanuri za udongo, mafundi walipima joto kwa kuligusisha yai kwenye kope la jicho. Bibi alipenda sana habari hiyo. Alichukua yai na kujaribu papo hapo.

Siku ya 18 humulika mara ya mwisho. Yai ni jeusi tii isipokuwa mfuko wa hewa kwenye upande butu, ambao umekua kwa sababu maji yamekuwa yakitoka kupitia vitundu vya ganda. Tangu hapo hataki mtu aguse kikapu.

Siku ya 21, jioni, ganda moja lilikuwa limetoboka. Tulisikia kifaranga akilia ndani na mama yake akimwitikia kwa sauti ya chini. Nilitaka kumsaidia kubandua. Bibi alinishika kifundo cha mkono: mishipa bado ina damu, na kiini bado kinavutwa tumboni, chakula cha siku mbili tatu za kwanza. Tukakaa. Usiku kucha kifaranga alikuwa akidonoa, akipumzika, akizunguka, na kulipokucha kofia ya ganda ikafunguka.

Mipango ya chanjo ya kideri ilikwishafanyika, tone moja jichoni likirudiwa kila miezi mitatu, maana ugonjwa huo humaliza banda zima. Asubuhi ile, hata hivyo, bibi aliokota kwanza maganda matupu. Alinipa moja, akaniambia nilielekeze dirishani. Kwenye utando wa ndani, uliokwisha kukauka, ilikuwapo ile mishipa niliyoiona usiku wa saba.