Vuta-Sukuma: Jinsi Shamba Dogo la Mahindi Lilivyopangwa Upya

Kati ya sensa ya mwaka 1999 na ile ya mwaka 2019, idadi ya watu nchini Kenya ilipanda kutoka milioni 28.7 hadi milioni 47.6, na katika Kaunti ya Vihiga, magharibi mwa nchi hiyo, sensa ya pili ilikuta zaidi ya watu 1,000 katika kila kilomita ya mraba, wengi wao wakiwa wakulima. Mahali pa namna hiyo hapana pori lililobaki la kufyekwa, wala hapana nafasi ya kuupumzisha udongo kwa misimu kadhaa. Chakula cha ziada hakina budi kutoka katika kipande kilekile ambacho kimekwisha kugawanywa kati ya ndugu. Ni katika mazingira hayo ambapo mbinu ya vuta-sukuma, iliyoanza kubuniwa miaka ya 1990 katika kituo cha utafiti cha Mbita kando ya Ziwa Viktoria, inapata uzito wake.

Mahindi ya eneo hilo yalikuwa yakishambuliwa kutoka pande mbili. Adui wa kwanza ni bungua wa mabua, yaani viwavi wa nondo wanaotoboa bua na kula moyo wake, ambao wakishaingia ndani dawa ya kunyunyiza haiwafikii tena. Adui wa pili, ambaye kwa maoni ya wengi ndiye mbaya zaidi, ni kiduha, gugu lenye maua ya zambarau linalojishikiza kwenye mizizi ya mahindi na kunyonya maji na virutubisho vyake tangu lingali chini ya ardhi. Mmea mmoja wa kiduha hutoa maelfu ya mbegu ndogo mfano wa vumbi, nazo huweza kukaa hai udongoni kwa zaidi ya miaka 10, hivyo mkulima anayeling'oa gugu hilo baada ya kuliona huwa amechelewa, kwa kuwa hasara imekwisha kutokea.

Kituo cha Kimataifa cha Fiziolojia na Ikolojia ya Wadudu (ICIPE), chini ya uongozi wa mtaalamu wa wadudu Zeyaur Khan, kilishirikiana na watafiti wa kilimo wa Kenya na wanakemia wa Rothamsted nchini Uingereza, akiwamo John Pickett, kutafuta mimea ambayo nondo huipenda kuliko mahindi na mingine ambayo huikwepa. Kwa upande wa kuvuta yalichaguliwa majani ya nepia, yajulikanayo pia kama majani ya tembo, ambayo hupandwa kuzunguka shamba: nondo huyaendea kwa wingi na kutaga mayai humo, lakini viwavi wanapojaribu kupenya hunaswa na ute unaonata, na wengi hufa kabla ya kukomaa. Kwa upande wa kusukuma, desmodiamu, mmea utambaao wa jamii ya mikunde, ulipandwa kati ya mistari ya mahindi kwa matarajio kwamba harufu yake ingewafukuza nondo.

Jambo ambalo halikutarajiwa ni kwamba katika vipande vilivyokuwa na desmodiamu kiduha kilianza kutoweka. Kivuli cha majani na naitrojeni inayoongezwa udongoni na mmea huo vilichangia, lakini havikutosha kueleza upungufu mkubwa kiasi hicho, na uchunguzi ulihamia kwenye mizizi. Mbegu ya kiduha haioti mpaka ihisi kemikali inayotoka kwenye mzizi wa mmea inaoweza kuunyonya. Mizizi ya desmodiamu hutoa kemikali zinazoiamsha mbegu hiyo, na papo hapo hutoa nyingine zinazouzuia mche wake kujishikiza popote, hata ukafa kwa njaa. Hapa ndipo ulipo ubora halisi wa mbinu hii, kwa sababu akiba ya mbegu iliyolundikana udongoni kwa miaka mingi hupungua msimu hadi msimu, kazi ambayo jembe peke yake haliwezi kuifanya.

Kuhusu wadudu, maelezo hayajatulia. Utafiti wa miaka ya karibuni umetilia shaka dai kwamba harufu ya desmodiamu huwafukuza nondo shambani, na badala yake umeonyesha kwamba vinyweleo vya mmea huo huwanasa na kuwaua wadudu. Mashaka hayo hayafuti mavuno, ambayo kwa takwimu za ICIPE yamepanda kutoka takriban tani 1 kwa hekta hadi tani 3.5, wala hayabatilishi utafiti wa mwaka 2018 ulioonyesha kwamba viwavijeshi vamizi, waliogunduliwa barani Afrika mwaka 2016, walipungua kwa zaidi ya asilimia 80 katika mashamba ya aina hiyo. Hata hivyo, maelezo sahihi yana maana kubwa kwa mkulima anayeshawishika kuweka maharage mahali pa desmodiamu ili apate chakula cha haraka, kwani maharage hayana mizizi yenye nguvu ileile juu ya kiduha.

Gharama ya mbinu hii huja mwanzoni. Mbegu ya desmodiamu ni ghali, miche yake michanga hufanana na magugu na hivyo hudai palizi ya uangalifu katika wiki za kwanza, na sehemu ya ardhi huachiwa nepia isiyoliwa na binadamu. Hesabu hugeuka panapokuwa na ng'ombe au mbuzi, kwa kuwa nepia na desmodiamu ni malisho mazuri, maziwa huongezeka, na samadi hurudi shambani. Asiye na mifugo wala soko la majani hubaki na faida ya mahindi tu. Maeneo makavu yamepewa nyasi za brakiaria badala ya nepia, na desmodiamu ya aina inayovumilia ukame zaidi. Tatizo la mbegu nalo lina njia ya kulipunguza, kwa maana desmodiamu huota pia kwa vipande vya shina vinavyokatwa katika shamba la jirani wakati wa mvua, lakini kwa kuwa mmea huo hudumu shambani kwa miaka, mkulima anayekodi ardhi kwa msimu mmoja ana sababu ndogo ya kuupanda, hata akipewa vipande hivyo bure.